Mchanga wa Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na duka la vipuri, nikalitupa kabatini kwa sababu sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo. Ndani ya nyumba yangu kuna mtu nisiyeweza kumjibu, basi nitamjibu hapa.

Mama mkwe amehamia kwetu leo. Ukuta wa nyumba yake umepasuka kwa hizi mvua, na mke wangu hakuniomba ruhusa, alinipa taarifa. Sina neno. Mkwe ni mzazi, na chumba cha wageni kipo. Nilitegemea sanduku la nguo na mto wake. Kumbe kwenye gari kulikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki, kubwa kiasi cha kumwogesha mtoto, na beseni la plastiki lenye samaki wawili wa rangi ya chungwa. Baada ya hapo zikashuka ndoo tatu za mchanga uliolowa.

Mchanga! Mimi ni fundi wa friji, karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hii, na nje ya mlango wake kuna rundo la mchanga lililobaki tulipojenga. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, mchanga tungekupatia hapahapa." Akanitazama kwa yale macho aliyowatazamia wanafunzi. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu, na somo lake lilikuwa hesabu.

"Huu una watu wake, Fundi," akasema.

Mke wangu akanifafanulia jikoni. Hawa ni samaki wa maji ya chumvi. Wanakojoa kwenye maji yaleyale wanayovuta, na mkojo wao ni sumu. Ndani ya mchanga ule wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula ile sumu. Vikifa, samaki nao wanakufa.

"Kwa hiyo mchanga ndio choo chao," nikasema.

"Ndio choo, na ndio fundi wa choo," akanijibu. "Na wewe fanya adabu."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Tangi likijaa maji litakuwa na uzito wa ng'ombe, kwa hiyo linahitaji meza ya mbao ngumu. Seremala amesema kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niseme haki: mama huyu anajua kupanga mabomba. Ndoo zimekaa kwenye korido, kati ya karakana na jikoni. Kila moja ina kifuniko, maji ya chumvi juu ya mchanga, na mpira mwembamba unaopenya tundu la kifuniko, unashuka mpaka chini na kutoa mapovu. Mipira yote mitatu inatoka kwenye pampu moja ndogo ya hewa, na haujapinda hata mmoja. "Wasipopata hewa wanakufa," alisema, kama anayezungumzia wapangaji.

Kila asubuhi anainamia ndoo moja baada ya nyingine, ananusa penye tundu bila kufunua, anasema, "Safi." Halafu anakwenda kwenye beseni pale sebuleni kuwasalimia samaki. Yule mkubwa, ambaye ni jike, anaitwa Mkuu. Mdogo, dume, anaitwa Naibu. Naibu haendi kokote bila kumwangalia Mkuu kwanza. Nilimwelewa mara moja.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu ni muuguzi, na kazini wamempeleka mafunzo ya wiki mbili. Tumebaki mimi, mama yake na ukimya. Kwa kawaida maneno yetu hupitia kwake: "Mwambie mama chai tayari," "Mwambie mumeo mlango unagongwa." Leo nimesogeza kopo la sukari mara tatu bila kujua kama alikuwa analitaka.

Alhamisi, 14 Machi

Umeme ulikatika jana mchana kutwa. Leo umerudi kwa kishindo, taa mbili zimeungua. Pampu inavuma, nashukuru. Seremala amesema kesho.

Jumapili, 17 Machi

Kuna harufu. Kama yai lililosahauliwa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefungua bomba la sinki la jikoni nikalisafisha lote. Lilikuwa safi tangu mwanzo. Harufu ipo palepale.

Jumanne, 19 Machi

Nimeifuata pua yangu mpaka kwenye ndoo. Nilikuwa nimesimama pale nikijiuliza niseme nini, mama mkwe akatoka chumbani, akainama, akanusa kwa utulivu kabisa, akasema, "Safi."

Sasa mimi ni nani? Mtu anamwambiaje mama wa mke wake kwamba kitu chake kinanuka? Nimejaribu maneno kadhaa nikiwa peke yangu karakana na yote ni matusi. Labda mchanga hai ndivyo ulivyo, labda hilo ni jasho la hao watu wake. Yeye ndiye mwenye nao miaka yote, na ameunusa kwa pua yake mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Mteja amekuja kuangalia friji yake, akakunja uso, akaniuliza kama kuna nyama iliyoozea ndani. Nikasema ndiyo. Nimeichafulia jina friji ya watu.

Jumamosi, 23 Machi

Mke wangu amerudi. Hakuvuka hata kizingiti, akaweka begi chini akasema, "Nani amefia humu?"

Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo akafunua. Maji yalikuwa ya kijivu, na mchanga ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria. Harufu ikatuvamia. Mama mkwe akatoka chumbani, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi la ule weusi akautazama. Ndoo ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu.

"Tangu lini?" akaniuliza mimi. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu ambalo halikupitia kwa mtu.

"Jumapili iliyopita, mama."

"Ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulisema safi, mama."

Akavuta kile kiti changu cha karakana akakaa, mkono ukiwa bado mweusi.

"Mimi sinusi," akasema. "Tangu ule ugonjwa wa mwaka juzi. Sinusi chakula, sinusi moshi, sinusi chochote. Nilikuwa nainama kwa mazoea, na ili mnione."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mtu mzima akisema amepungukiwa, watu nao wanampunguzia. Leo pua, kesho wanakuficha funguo. Nimewaona wenzangu."

Mke wangu akalia. Mimi nikakosa pa kuweka macho, nikayapeleka kwenye pampu. Ilikuwa inavuma. Nikaweka kidole kwenye ncha ya mpira: hakuna hewa. Nikaifungua. Kiwambo cha mpira kinachosukuma hewa ndani kimechanika, bila shaka siku ule umeme uliporudi kwa kishindo. Pampu ilikuwa inaitikia tu, kama mtu anayesema "naam" huku amelala. Na mimi riziki yangu ni mashine zinazovuma bila kufanya kazi. Hakuna friji inayoletwa kwangu isiyovuma. Lakini siku zile zote sikuweka kidole. Niliona ni vitu vya mkwe, si adabu kuvigusa.

Nikamwambia hivyo. Akatutazama wote wawili, mimi na ile pampu mkononi mwangu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Basi tumeua ukoo mzima kwa adabu," akasema.

Jumapili, 24 Machi

Leo amenieleza mwenyewe, ana kwa ana, na nimeelewa ubaya wa jambo. Beseni ni la siku chache. Maji yake kidogo yanachafuka upesi, hata ukiyabadilisha. Samaki hawawezi kuingia kwenye tangi mpaka mchanga upate watu wake tena, na watu hao hawaji kwa siku mbili. Kuwapeleka kwa mwingine haiwezekani. Mwenye tangi la chumvi tunayemjua ni daktari wa meno mmoja, na yeye ana jozi ya aina hiyohiyo; wageni watauawa na hao wenyeji kabla ya jioni.

"Kwa hiyo ni mchanga au kaburi," mke wangu akasema.

"Ni mchanga," mama yake akasema.

Nikauliza kwa nini tusitupe huu mweusi tukatafuta mwingine. "Nyumba haijabomoka," akanijibu. "Wamekufa wenye nyumba. Tutasafisha, halafu tutaita wapangaji."

Jumatano, 27 Machi

Tumeosha mchanga. Nimeahirisha kazi za watu, nimekinga maji ya mvua kwenye mapipa, na tumekaa chini ya upenu tangu asubuhi. Unatia kiasi kwenye karai, unavuruga kwa mkono, unamwaga maji meusi, unarudia. Weusi unakuwa kijivu, kijivu kinakuwa kama maji ya mchele, na hapo mimi ningeacha. Yeye hakuacha. Alikuwa anatia maji kwenye glasi na kuyainua kwenye mwanga, na akiona hata ukungu kidogo anamwaga.

Pua ikawa yangu. "Unanuka?" ananiuliza kila karai.

"Kidogo, mama."

"Kidogo ni neno la wavivu. Unanuka au haunuki?"

"Unanuka."

"Tuoshe."

Mgongo wangu umekatika vipande. Yeye ni mkubwa wangu kwa kizazi kizima na hakukaa kitako hata mara moja. Jioni mchanga ulikuwa mweupe na hauna harufu yoyote, nikamwambia hivyo, akanishukuru kama nilivyowahi kuona akimshukuru mtu mzima mwenzake.

Jumapili, 31 Machi

Seremala ameleta meza. Mguu mmoja ni mfupi. Amesema kesho.

Jumanne, 2 Aprili

Meza imesimama, nimeirekebisha mwenyewe. Tangi limejaa maji safi tuliyoyakoroga na chumvi yake ya samaki, akiyapima kwa kile kipimo chake mpaka yakakubali. Mchanga umetulia chini, mweupe. Ni tangi zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na ndani yake hakuna kitu chenye uhai.

Jumatano, 3 Aprili

Nimetumwa kwa daktari wa meno kuomba mbegu, yaani kikombe kimoja cha mchanga hai. Nilipomtajia nani amenituma, alisimama. Alikuwa mwanafunzi wake. "Bado naota mitihani yake," aliniambia. Akachota mchanga pembeni mwa tangi lake, pamoja na maji yake, akaniagiza niubebe kama mchuzi wa moto. Kisha akalitazama shavu langu, akasema, "Fungua mdomo." Gego limeniuma tangu mwaka jana na nilikuwa nimelificha vizuri.

Nimerudi na kikombe cha mchanga na pengo. Sikuweza kusema neno. "Leo angalau umenyamaza kwa sababu," mama mkwe akasema, akaunyunyiza ule mchanga juu ya wetu, taratibu, huku akiwakaribisha wageni wake kwa sauti.

Jumamosi, 6 Aprili

Analisha tangi tupu. Kila jioni anatupia chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwapa wapangaji kazi. Jirani amemwona dirishani akilisha maji, akaniuliza kwa upole kama mama hajambo.

Jumanne, 9 Aprili

Anapima sumu kwa vichupa: maji kidogo, matone kadhaa ya dawa, kisha kusubiri. Yakiwa ya njano, hakuna sumu. Yakiwa ya kijani, ipo.

Kijani.

Alhamisi, 11 Aprili

Kijani. Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Kijani. Naibu hajala leo. Mama mkwe amebadilisha maji ya beseni asubuhi na jioni. Pampu mpya nimeifunga, na nyingine ya betri ipo tayari umeme ukikatika. Ndicho ninachoweza.

Jumatano, 17 Aprili

Naibu amelala ubavu. Anapumua kwa haraka, mapezi yamejikunja, na Mkuu anamgusa kwa mdomo kama anayemwamsha. Nilimtazama mpaka nikashindwa kurudi kazini. Pembeni, hatua chache tu, tangi kubwa linang'aa, pampu inabubujika, maji ni meupe kama kioo. Nikachukua wavu.

"Mama," nikasema, "tumweke tu. Maji yale ni safi kuliko haya."

"Macho hayapimi, mwanangu."

Akapima mbele yangu. Maji ya beseni, ambayo alikuwa ametoka kuyabadilisha, yakatoa kijani hafifu. Maji ya lile tangi zuri yakatoa kijani cha majani ya mgomba.

"Humu anaumwa," akasema. "Mle atakufa kabla ya jioni."

"Na humu je?"

"Humu huenda akafa pia," akasema. "Mwanafunzi hapewi cheti kwa sababu mzazi analia. Weka wavu chini."

Nimeuweka. Nimekuja hapa kuandika kwamba nimeoa katika ukoo wa mawe.

Alhamisi, 18 Aprili

Naibu amekufa asubuhi. Nilipotoka chumbani nilimkuta mama mkwe amekaa sakafuni kando ya beseni, mgongo ukutani, mtu ambaye sijawahi kumwona akiegemea kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta nilipoingia. Alikuwa amebadilisha maji usiku kucha, kikombe kwa kikombe, ili asimshtue. Mke wangu alikuwa zamu, na mimi nililala.

"Usidhani sikutaka kumweka," akaniambia. "Nilinyoosha mkono mara mbili."

Tumemzika chini ya dirisha la jikoni, mvua ikinyesha. Nikapiga hesabu pale pale, nikashindwa kuimeza, nikamwambia. Zile siku nilizoinusa harufu nikanyamaza ndizo alizozikosa Naibu. Ningesema Jumapili ile, ndoo moja ingeweza kuokoka, na leo angekuwa nyumbani kwake.

"Na mimi nilisema safi kila asubuhi," akasema. "Tugawane."

Nafuta neno la jana kuhusu mawe. Jiwe halikeshi.

Jumapili, 21 Aprili

Kijani hafifu. Mkuu peke yake anazunguka beseni akitafuta. Mke wangu sasa ndiye anayesema aingizwe, na nilishangaa kujisikia nikimwambia, "Bado."

Alhamisi, 25 Aprili

Njano.

Hakushangilia. Akatupia chakula kingi kwenye tangi, akasema, "Tuwape mtihani. Wakikimaliza bila kutoa kijani, wameshika kazi."

Ijumaa, 26 Aprili

Njano. Na sumu ya pili, ambayo vijidudu huitoa vikiila ile ya kwanza, nayo haipo. Amenionyesha pia pale mchanga unapogusana na kioo: vijishimo vyembamba kama nyuzi, vimechimbwa na kitu kidogo mno. Nilichukua ile lenzi yangu ya kukagulia saketi. Kuna mnyama mle, mwembamba kuliko unywele, na alikuwa na haraka zake. Nimewahi kuingiza gesi kwenye friji iliyokufa ikaanza kutoa baridi, lakini hii si kazi ya aina hiyo. Huyu mama amepokea mchanga mfu kutoka kwenye mikono yetu sisi wawili, ameuosha, ameulisha na kuungojea mpaka ukawa nchi yenye watu. Sijui fundi mwingine wa namna hiyo.

Jumapili, 28 Aprili

Mkuu ameingia kwenye tangi. Alikaa pembeni muda mrefu, halafu akashuka, akaanza kufagia mchanga kwa mkia wake mpaka akapata mahali. Amekula mchana. Amekula jioni. Sisi tumesahau kula.

Jumamosi, 4 Mei

Njano. Mkuu anakula. Jua kidogo.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimekatika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyesimamia waashi kule kwa mama, na asubuhi hii amekuja na gari kusema ukuta umekwisha, nyumba imepakwa rangi, twende. Alikuwa na furaha na alistahili kuwa nayo. Akabeba sanduku la mama mpaka kwenye gari kabla hata ya kunywa chai.

"Tangi nitalirudia na vijana," akasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama karakana kwangu, ameshajifunga mtandio. "Kaa kwanza," akamwambia. "Kuna jambo sijakuambia. Mimi sinusi. Gesi ikivuja jikoni kule, sitajua."

Shemeji akakaa. Akaanza kusema habari ya kumwajiri msichana, ya kuweka kengele, ya majirani, na mama akamwacha amalize yote.

"Sitaki kengele," akasema. Kisha akanigeukia. "Fundi, nikibaki hapa, utanivumilia?"

Mke wangu akanitazama. Jibu la swali hilo linajulikana na kila mkwe: karibu sana mama, hapa ni kwako, sisi ni watoto wako. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini hilo hupewa kila mtu, hata yule unayeomba aondoke kesho.

"Mama, wewe ni mgumu," nikasema. Mke wangu akafumba macho. "Unanisahihisha hesabu mbele ya wateja wangu. Unaamsha nyumba nzima alfajiri. Korido yangu haipitiki kwa ndoo zako, na siku ile ya wavu nilikuchukia kutwa nzima. Baki."

Mama mkwe akamgeukia shemeji.

"Umemsikia?" akamwambia mwanawe, huku akifungua mtandio wake. "Hivyo ndivyo ninavyotaka kuambiwa. Shusha sanduku."